Hodi Tatu za Mji wa Staha

Namna nilivyofika nchi ya Usikivu haina faida kwa msomaji. Njia ilikuwa ndefu, viatu viliharibika, nikafika. Wapo wasafiri wanaojaza kurasa ishirini kwa mawimbi na malengelenge. Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni kwa miaka ishirini na mitano, na nimezoea kupima kilichomo ndani ya gunia, si gunia lenyewe. Nitasema nilichokiona kwa kipimo chake, na pale nilipoogopa nitasema kuwa niliogopa.

Usikivu ni nchi nzuri, yenye watu wapole na serikali inayowapenda kupita kiasi. Juu ya lango la mpakani wameandika kwa herufi kubwa: ASIYESIKIA LA MKUU HUVUNJIKA GUU, na chini yake, kwa herufi ndogo, wameweka saa za kufunguliwa kwa zahanati ya mifupa. Nilidhani ni mzaha. Afisa wa mpakani alinieleza kwa upole kwamba nchini humo mzaha huombewa kibali, na kibali hutoka baada ya siku arobaini, na kufikia hapo wengi huwa wameshasahau walichotaka kukicheka.

Mambo hayo yana chanzo chake. Miaka sita kabla ya mimi kufika, Mkuu wa Nchi alihutubia uwanjani juu ya umuhimu wa kuwahi. Alikuwa amechelewa kwa saa nne. Katikati ya hotuba, mtu mmoja alicheka. Wanasema kilikuwa kicheko kifupi tu, hata waliokuwa karibu walidhani ni kikohozi. Tume tatu ziliundwa kumtafuta mchekaji. Ya kwanza ilithibitisha kwamba kicheko kilitoka upande wa mashariki, ya pili ikathibitisha kwamba kilitoka magharibi, na ya tatu, baada ya miezi kumi na moja ya vikao na chai, ilihitimisha kwamba kicheko hakiwezi kujicheka chenyewe. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Masikio Mema, ili kicheko kingine kisije kikapotea bila mwenyewe.

Kwa sheria hiyo kila nyumba hupewa Msikilizi. Huyu ni mtumishi wa Wizara ya Masikio, anayekuja na kigoda chake, daftari lake na penseli yake, akaketi sebuleni na kuandika yanayosemwa. Katika mji mkuu nilikaa na familia moja kwa siku tisa. Wakati wa chakula nilimsikia baba mwenye nyumba akisema: “Mke wangu mpenda amani na maendeleo, naomba unisogezee chumvi, ambayo mwaka huu inapatikana kwa wingi kuliko miaka yote iliyopita.” Mkewe akajibu: “Pokea chumvi, mume wangu, pamoja na shukrani za familia.” Msikilizi akaandika, wakaendelea kula. Niliuliza kwa nini wasinyamaze tu. Wakaniambia kunyamaza kulijaribiwa mwaka wa kwanza, lakini sheria inasema huko ni kulimbikiza maneno, na adhabu yake ni kubwa kuliko ya kusema. Siku ya tano nilijikuta namwamkia paka wa nyumba kwa cheo.

Anayeandikwa vibaya hapigwi wala hafungwi, na serikali inajivunia sana jambo hilo. Hupelekwa Nyumba ya Ufafanuzi, akaombwa afafanue. Hufafanua mpaka Wizara iridhike, na Wizara haijawahi kuridhika. Huwa inachoka tu. Nilikutana na mwalimu mmoja aliyerudi kutoka huko baada ya miaka miwili. Nilimuuliza saa ngapi. Alianza na kijiji alichozaliwa, akaja kwa mjomba aliyemnunulia saa, akanieleza kwa nini mjomba huyo hakuwa na nia mbaya, na alipofika kwenye mishale nilikuwa nimeshakosa chakula cha mchana. Nilicheka. Halafu akaniuliza kama nimeridhika au aanze tena, na sikucheka tena siku ile.

Kwa moyo huo nilikwenda Staha, mji mdogo wa vilimani, watu elfu sita hivi, wengi wao mafundi seremala. Nilikuwa na barua ya kufikia kwa Bi Mwanakombo, mtunza maktaba ya halmashauri, mjane wa makamo, mwenye sauti ya chini na desturi ya kukutazama mpaka umalize kusema. Barazani kwake nilimkuta mwanamume mnene mwenye sare ya Wizara, amekaa juu ya kigoda, anapukuchua maharage.

“Hodi, hodi, hodi,” alisema, si kwangu bali kwa mlango uliofungwa. “Ni mimi Pandu wa Wizara, nimekuja kusikiliza.”

Ndani kimya. Akachukua daftari, akaandika, akarudi kwenye maharage yake.

“Kila saa mara moja,” akanieleza. “Mwezi wa tatu huu. Wewe piga tu, mzee, wewe utaitikiwa.”

Nilipiga, nikaitikiwa mara moja.

Maelezo niliyapata kesho yake kwa Bi Somoe, mwenyekiti wa halmashauri. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini kabla ya kuingia kwenye siasa, na bado alizungumza na kila mtu kama aliye karibu kujifungua: kwa upole, lakini bila nafasi ya kubishana. Alisema waasisi wa Usikivu walipogawa madaraka waliipa serikali kuu kila kitu, wakaziachia halmashauri mambo matatu waliyoyaona hayana uzito: takataka, mbuzi wazururao, na adabu za mlangoni. Halmashauri nyingine zilinung'unika. Staha walikaa na mambo hayo matatu, wakayageuza huku na huku kama fundi na kipande cha ubao, wakatunga sheria ndogo. Nilinakili kifungu chake kikuu:

“Mtu yeyote, awe na cheo au hana, hataingia wala kusikiliza wala kumchukua mtu penye mlango wenye fremu na mwenyewe nyuma yake, mpaka apige hodi mara tatu, ataje jina lake na shida yake kwa sauti ya kusikiwa na majirani, na aitikiwe karibu. Karani ataandika kwenye ubao wa sokoni nani alikuja, alitaka nini, na ilikuwaje.”

“Sisi hatukuwakataza kazi yao,” alisema Bi Somoe. “Serikali ni serikali, baba. Ila hatuwashikii taa. Hatuwapi funguo, hatuwapi ngazi, hatuwapi karani wa kuwaandikia. Wakitaka kusikiliza, waje wenyewe, mchana, wapige hodi kama walivyolelewa.”

“Na Wizara ikakubali?”

“Ikatushtaki.”

Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa. Majaji, ambao inasemekana wote walikuwa na wakwe, waliamua kwamba neno lililosikiwa bila hodi ni umbeya, na umbeya haupokelewi mahakamani. Wakaongeza kwamba afisa anayemtoa mtu nyumbani kwake bila kukaribishwa ni mvamizi, na atashtakiwa yeye mwenyewe kwa jina lake, si Wizara. Hiyo nyongeza ndiyo iliyouma. Wizara haiogopi kesi, lakini Wizara imejaa watu, na kila mmoja wao ana jina.

Basi Wasikilizi wote wa Staha hukaa nje. Lakini watu wa Staha hawawezi kumwacha mtu mlangoni wakati wa kula, kwao hiyo ni aibu ya vizazi, kwa hiyo waliwapelekea sahani. Na kwa kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu waliwapa majembe, kama methali inavyoagiza. Sijaona mji wenye bustani nzuri kama zile. Pandu alinionyesha daftari lake bila kuona haya: “Saa mbili, hodi, kimya. Saa tatu, hodi, kimya. Saa sita, hodi, kimya, wali na samaki. Samaki amezidi chumvi.” Wizara ilikuwa imemwandikia kumtaka afafanue kuhusu samaki.

Nilikuwa nimeanza kustarehe, ndipo barua ilipokuja.

Ilikuwa ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara, Bwana Tindwa, na ilimhusu mwenyeji wangu. Maktaba ya Staha ilikuwa imetuma taarifa yake ya mwaka, inayotaja vitabu vilivyoazimwa bila majina ya walioviazima. Miongoni mwavyo kilikuwamo *Ufugaji wa Nyuki kwa Wanaoanza*. Afisa mmoja wa Wizara alikuwa amekisoma kitabu hicho kwa bidii hadi sura ya saba, inayoeleza kwamba malkia wa nyuki akizeeka, vibarua wa mzingani humlea mwingine wa kuchukua nafasi yake. Afisa huyo alishindwa kula siku mbili. Sasa Wizara ilitaka jina la mtu wa Staha aliyeazima kitabu hicho. Bi Mwanakombo alipewa siku saba kulitaja, vinginevyo angepelekwa yeye Nyumba ya Ufafanuzi.

Tatizo lilikuwa kwamba jina hilo halikuandikwa popote. Maktabani Staha, anayeazima kitabu huandikwa kwa chaki kwenye kibao cha shule, na akikirudisha jina hufutwa kwa kitambaa kibichi, mbele yake, halafu huulizwa kama ameridhika na kufutwa huko. Jina lilibaki mahali pamoja tu, ndani ya kichwa cha Bi Mwanakombo.

Halmashauri ilikutana siku hiyo hiyo, nami niliruhusiwa kuketi nyuma. Nimehudhuria mabishano mengi ya mizani, lakini hayo yalinishinda. Diwani Kopwe, mfanyabiashara wa misumari, alipendekeza atajwe marehemu.

“Marehemu Shaali hana cha kupoteza,” alisema.

“Ana wajane wawili,” Bi Somoe akamjibu. “Watakwenda kufafanua wao.”

Kopwe akafikiri, akaja na lingine. Mbuzi wazururao, alisema, wako chini ya halmashauri kwa mujibu wa katiba. Kwa nini isisemwe kwamba kitabu kililiwa na mbuzi? Hapo kikao kikagawanyika. Kundi moja lilishikilia kwamba mbuzi aliyekula kitabu hahesabiwi kuwa amekisoma. Kundi la pili likauliza ni nani katika ukumbi ule angeweza kuapa kwamba hajasoma, na ikiwa mbuzi amefika sura ya saba je? Walibishana kwa saa mbili. Pendekezo likashindwa kwa kura moja, baada ya mtu kukumbusha kwamba mbuzi naye ana mwenyewe, na mwenyewe ana mlango, na Wizara ingefuata kwato.

Mwishowe walipitisha azimio fupi: halmashauri hailijui jina, hailiulizi jina, na mtumishi wake yeyote halazimiki kukumbuka. Kila mtu alipiga makofi. Bi Mwanakombo alipiga pia, polepole, kisha akaenda nyumbani kupika.

Nilimfuata nikiwa na hasira. Azimio ni karatasi, na siku saba ni siku saba. Nilimkumbuka mwalimu na saa yake. Tulipokaa kula mchana ule, nilimuuliza waziwazi nani aliyekisoma.

Alielekeza kidevu kwenye dirisha. Nje, barazani, Pandu alikuwa amemaliza sahani yake na anaifuta kwa kipande cha chapati.

“Huyo?” nikasema. “Msikilizi?”

“Alikuwa amechoka kukaa bure, kaka. Mwezi wa kwanza alihesabu misumari ya mlango wangu. Nikamwambia maktaba iko wazi. Alitaka kitu cha shamba, kwao walifuga nyuki zamani.”

“Basi mtaje! Ni mtu wao! Wao ndio waliomleta hapa akuandike wewe!”

Alinitazama mpaka nikamaliza, kama kawaida yake.

“Aliingia maktabani kama msomaji,” alisema. “Akarudisha kitabu, nikafuta jina lake, nikamuuliza kama ameridhika, akasema ameridhika. Nikimtaja yeye kwa sababu simpendi mwajiri wake, kesho nitamtaja mtu kwa sababu sipendi kofia yake. Kofia yako wewe, kwa mfano, siipendi.”

Niliivua kofia. Nilikasirika mpaka jioni, na kwa kweli nilimkasirikia zaidi Pandu, aliyekuwa akipiga hodi zake kila saa kwa sauti ileile, bila kuonyesha dalili yoyote ya kujua. Lakini alijua. Barua ilisomwa sokoni kama barua zote, na tangu siku ile daftari lake halikutaja chakula.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, Mkaguzi Mkuu Tindwa aliwasili kwa gari la Wizara. Alikuwa mtu mrefu, suti ya kijivu, wa wale wanaofuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Tulimtarajia nyumbani kwa Bi Mwanakombo. Majirani walikuwa wameshajipanga kusikia jina na shida. Lakini Tindwa alikuwa ameisoma sheria ndogo vizuri kuliko walioitunga, akaenda moja kwa moja maktabani, nyumba ya pili kutoka pale, Bi Mwanakombo alikokuwa kazini.

Hapo Staha wakaliona kosa lao. Mji mzima wa mafundi milango ulikuwa umelinda kila mlango wa mtu, na maktaba, kwa kuipenda mno, waliiondolea mlango wake kabisa, ili hata mwenye haya aingie bila kuita. Palikuwa na uwazi mpana ukutani, umepigwa rangi ya samawati. Tindwa aliingia humo mikono mfukoni.

“Jina,” akasema.

“Limefutwa, mheshimiwa.”

“Na kichwani?”

“Kichwani kwangu hujapiga hodi.”

Alimshika Bi Mwanakombo kifundo cha mkono, akamtoa hadi kwenye gari. Watu walijaa barabarani. Bi Somoe alifika mbio na kiatu kimoja, akasimama anahema, kwa maana hapakuwa na kifungu. Mimi nilikuwa kivulini kwenye karakana ya mafundi, ng'ambo ya barabara. Niliahidi kusema ukweli: nilikuwa naangalia barabara ya kutokea mjini na kujiuliza kama begi langu limeshafungwa.

Barazani kwa Bi Mwanakombo, Pandu alisimama. Maharage yakamwagika.

“Mheshimiwa,” aliita. “Kitabu cha nyuki nilikisoma mimi.”

Tindwa aligeuka. “Wewe ni Msikilizi.”

“Ndiyo, mheshimiwa. Nilikisoma mara mbili. Sura ya saba mara tatu, kwa sababu sikuielewa.”

Bi Mwanakombo alifumba macho. Tindwa akamwachia mkono, kwa kuwa sheria haimruhusu kuchukua shahidi palipo na mtuhumiwa. Lakini mtuhumiwa ana fomu yake, na fomu ya Usikivu hujazwa nakala tatu kwa mkono, papo hapo. Tindwa akaketi garini mlango ukiwa wazi, akaanza. Nilimwona akisita kwenye mstari wa nne. Baadaye niliambiwa mstari huo unauliza jina la msimamizi wa mtuhumiwa, na msimamizi wa Wasikilizi wote ni Mkaguzi Mkuu. Aliliandika jina lake kwa mwandiko mdogo sana.

“Makazi ya mtuhumiwa,” akasoma. “Unaishi wapi?”

Pandu alitazama jamvi alilolalia kwa miezi mitatu. “Hapa.”

“Hapa si nyumba. Hapa ni nje.” Na kwa mara ya kwanza Tindwa akatabasamu, kwa sababu aliye nje hapigiwi hodi. Akainama kuanza nakala ya pili.

Bi Somoe aliwageukia mafundi waliokuwa nyuma yangu. Alisema neno moja tu: “Mlango.”

Wakatoka wanne wamebeba mlango wa mninga uliotengenezwa kwa nyumba ya bibi harusi, nakshi zake zote, na fremu yake. Waliusimamisha barazani mbele ya Pandu, wakaushikiza kwa mbao mbili na misumari ya Diwani Kopwe, ambaye kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuhoji lolote. Walimaliza Tindwa akiwa katikati ya nakala ya tatu. Alipoinua macho, Pandu alikuwa amekaa juu ya kigoda chake nyuma ya mlango uliofungwa. Kuta hazikuwapo. Ulimwona kushoto, ulimwona kulia, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mwili, akikaa ulimwona pande zote mbili kwa pamoja.

“Mheshimiwa,” Bi Somoe akasema, “piga hodi.”

“Hapana kuta!”

“Sheria inasema mlango wenye fremu na mwenyewe nyuma yake. Ukuta haukutajwa. Tulipoitunga tulikuwa na haraka.”

“Basi nitapita pembeni.”

“Waweza. Ila anayeingia kwa mtu bila kupita mlangoni ni mwizi. Na hiyo si sheria ndogo yetu, hiyo ni Kanuni ya Adhabu ya taifa.”

Karani wa halmashauri, mzee Vuai, alikuwa ameshauleta ubao wa sokoni na chaki. Tindwa alitazama chaki ile kwa muda mrefu. Kisha akaukaribia mlango.

Ni wazi hakuwa amewahi kupiga hodi maishani mwake. Alisema “Hodi” kama anayetoa amri. Alisema ya pili kama anayeuliza swali. Majirani walimkumbusha jina na shida.

“Tindwa. Wizara ya Masikio.”

“Sauti, baba,” mtu akasema. “Huku nyuma hatusikii.”

“Tindwa! Nimekuja kumchukua mtu aliyesoma kitabu cha nyuki!”

Yakisemwa hivyo, saa nne na nusu asubuhi, mbele ya watu wenye vikapu vya nyanya, maneno yale yalisikika jinsi yalivyo. Bibi mmoja aliyekuwa mbele akauliza:

“Kitabu cha nini?”

“Cha nyuki.”

“Alikirudisha?”

“Alikirudisha.”

“Sasa?”

Tindwa alijifuta jasho kwa leso. Alitupa macho huku na huku akitafuta kitu kisicho na mlango, na macho yake yakaniangukia mimi.

“Wewe,” alisema. “Mgeni. Umelala nyumba hii. Umewasikia hawa wawili wakizungumza. Mwanamke huyu alijua siku zote, sivyo? Alikuambia nini?”

Akanijia. Nilikuwa nimewafuata mafundi hadi katikati ya barabara, sina hata fremu. Nyumbani kwetu nimewafungulia mashtaka wachinjaji wenye visu, lakini siku ile nilirudi nyuma. Kinywa changu kikafunguka chenyewe, na nilisikia sentensi ikianza kupanda kooni, ikiwa na cheo cha Tindwa mwanzoni na shukrani mwishoni. Mpaka leo sijui katikati yake palikuwa na nini. Nadhani palikuwa na jina la Bi Mwanakombo.

Mlango wa mninga ukafunguka, kwa kitasa, kama mlango wowote. Pandu alikuwa amesimama kizingitini.

“Mzee, karibu ndani,” akasema.

Nilikimbia. Sitaki kulipamba neno hilo. Niliingia, Pandu akafunga nyuma yangu, akanipa kigoda chake, mwenyewe akachuchumaa. Tindwa alifika mlangoni na kusimama. Ningenyoosha mkono ningemgusa tai.

“Sasa tufanye nini?” nikamnong'oneza Pandu.

“Usinong'one, mzee. Uko ndani.”

Nikajaribu kusema kitu kwa sauti ya kawaida. Kilichokuja ni kwamba miguu inaniuma. Pandu akasema yake pia, tangu asubuhi. Tuliongea hivyo kidogo, juu ya miguu, watu mia tatu wakitutazama. Tindwa akapiga hodi ya tatu. Hatukuitikia.

“Ilikuwaje, mheshimiwa?” mzee Vuai akauliza, chaki juu. “Ubao unataka kujua ilikuwaje.”

Tindwa aliutazama umati. Alizitazama fomu tatu mkononi, mstari wa nne wa kila moja, akazikunja mara mbili, mara nne, akazitia mfukoni. Mwishowe alitutazama sisi, nasi tukamtazama, kwa umbali wa hatua mbili.

“Andika,” alisema. “Nimepiga hodi mara tatu. Hakuna mtu nyumbani.”

Mzee Vuai akaandika, akayasoma kwa sauti asije akawa amekosea. Macho yangu na ya Tindwa bado yalikuwa yamekutana, na katika umri wangu wote sijawahi kufurahi namna ile kuandikwa kwamba sipo.